"Niitie mwenye gari"

Mimi si mtu wa malalamiko. Chai ikiletwa baridi hotelini, nainywa. Lakini hii gereji nitaiandika, na mkiona hasira hapa mjue imeshapungua.

Gari langu lilichemsha kwenye Waiyaki Way, Nairobi, ukishapita Kangemi, tukipanda kuelekea Limuru. Foleni imesimama, mama yangu yuko kiti cha nyuma na mifuko yake. Mshale wa joto ukapanda mpaka kwenye nyekundu, mvuke ukafoka kwenye boneti kama sufuria ya githeri. Makanga mmoja akashuka kwenye matatu akakimbilia kufungua kifuniko cha rejeta. Mama akampigia ukelele mmoja tu, akarudi nyuma. Shukrani kwa mama, maana ukifungua injini ikiwa moto maji yanakurukia usoni. Na huku kwetu nyanda za juu maji matupu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Presha ya kifuniko na kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, ndivyo vinavyoyazuia. Haya nimeyajua baadaye. Siku hiyo nilijua kulia tu.

Gereji nilielekezwa na mwenzangu wa kazini. Iko Industrial Area, jina silitaji. Sakafu imepakwa rangi, kuna sofa, kuna televisheni. Nikasema hapa nimefika. Bosi akatoka mwenyewe, nikaanza kumweleza: maji yanapungua kila baada ya siku mbili tatu, chini ya gari sioni hata tone, ila nikizima injini nasikia harufu tamutamu. Hakuniacha nimalize.

"Madam, niitie mwenye gari nimweleze."

Mwenye gari ni mimi. Mkopo wa sacco nimeulipa mimi, mpaka shilingi ya mwisho. Nikamwambia.

"Basi niitie mzee wa nyumbani. Mambo ya gasketi yatakuchanganya."

Kulikuwa na kijana pale, mwanagenzi, ovaroli imemzidi mwili, ameinamia injini na tochi ya simu. Akasema polepole, "Boss, hii paipu ya huku nyuma inavuja. Iko na chumvichumvi nyeupe hapa kwa klipu." Bosi hata hakugeuka. "Wewe leta spana."

Hiyo sentensi ya kijana ndiyo ingemaliza kila kitu. Nairudia kichwani mpaka leo nikiosha vyombo.

Hukumu ikatoka: gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake, imeungua, hedi itolewe ikachongwe, shilingi 45,000. Sikuwa nazo. Basi akanifanyia "ya kusukuma siku": akang'oa thamostati, kile kidude kinachofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikishapata joto, akajaza maji ya bomba, akachukua 6,500. Eti Afrika hakuna baridi, hicho kidude ni cha Wazungu. Huyu hajapita Limuru mwezi wa Julai! Bila thamostati, barabara ikiwa wazi injini haipati joto lake, petroli inakwenda kama maji. Ukiingia kwenye foleni, kama maji yanavuja, inachemsha vilevile. Na ndivyo ilivyokuwa, wiki hiyo hiyo au iliyofuata.

Aliyenitoa kwenye shida ni mzee mmoja wa Kirinyaga Road, hana sofa wala televisheni, ana stuli. Akafunga pampu ya mkono yenye geji kwenye mdomo wa rejeta, akapiga presha, akaniambia, "Mama, njoo uangalie na wewe." Tukaangalia. Mshale ukaanza kushuka, na huko nyuma ya injini, kwenye paipu ya hita, maji yakachirizika. Injini ikiwa moto yanakaukia hapo hapo, ndiyo maana sikuwahi kuona dimbwi. Akachomoa kijiti cha oili: oili safi, haijageuka chai ya maziwa kama inavyoweza kuwa gasketi ikiungua na maji yakaingia kwenye oili. Thamostati yangu akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto. Ikafunguka vizuri kabisa. Nzima! Paipu, klipu, kifuniko kipya na kulanti, vyote na kazi yake, havikufika hata ile 6,500.

Nyota moja, basi. Lakini nisimwonee mtu. Thamostati walinirudishia kwenye mfuko, hawakunibadilishia spea hata moja, na Nairobi hilo si jambo dogo. Pia injini iliyochemsha vile ingeweza kweli kuunguza gasketi, si wazimu kuiwazia. Kosa ni kuiwazia bila kupima. Nilikuwa nishafikia nyota mbili.

Kisha nikarudi kudai pesa zangu. Bosi akanisikiliza huku akitazama mpira, akasema, "Si nilikuambia uniitie mzee?"

Sifuri. Kama kuna chini ya sifuri, wekeni.

Nikatoka. Yule kijana ndiye aliyenifungulia geti. Akainama kwenye dirisha. "Ilikuwa ile paipu, sivyo?"

Nikamwambia ndiyo, ile ile. Akacheka kidogo, halafu akageuka haraka kuangalia kama ameonekana.