Makiwara ya nguzo: uzoefu wangu na kifaa kikongwe cha karate

Makiwara ni kifaa cha kufanyia mazoezi ya kupiga ngumi, na ninayoizungumzia hapa ni ya nguzo: ubao mmoja uliochimbiwa ardhini, nilioutengenezesha kwa seremala. Nimetumia pia ile ya kubana ukutani yenye sponji na ngozi, na siwezi kumshauri mtu ainunue. Ukuta haupindi. Nguvu yote unayoipeleka inakurudia kwenye kifundo cha mkono, kiwiko na bega. Nguzo nzuri huanza laini, kisha inakaza kadiri unavyoisukuma, na ukiwa umesimama vibaya inakuyumbisha papo hapo.

Vipimo nilivyompa fundi: urefu mita 2.1, upana sentimita 10, unene sentimita 9 chini ukipungua polepole hadi 1.5 juu. Huo wembamba wa juu ndio unaoipa nguzo mnyumbuko, na ndio mafundi wanaoupuuza, kwa kuwa ubao wa unene mmoja ni rahisi kuranda. Chagua mbao kavu yenye nyuzi zilizonyooka, isiyo na kifundo hata kimoja kwenye nusu ya juu. Penye kifundo ndipo itakapokatika. Kabla ya kulipa, egemea ncha yake kwa ngumi: ncha isogee upana wa vidole vitatu hivi, kisha irudi yenyewe.

Sentimita 80 hivi zinaingia ardhini. Ukiisukuma juu, nguzo inataka kuegemea upande wa mbali pale usawa wa ardhi, huku kitako kikikurudia wewe chini. Kwa hiyo weka jiwe pana upande wa mbali karibu na uso wa ardhi, na jingine upande wako kule chini kabisa. Bila hayo mawili shimo linapanuka na nguzo inacheza. Zege sikulipenda: maji hutuama kwenye mshono, mbao inaoza hapohapo, na kuibadilisha ni kuvunja. Dhidi ya mchwa, paka oili chafu sehemu yote ya chini na uiache ikauke kabla ya kufukia.

Huko Okinawa, kisiwa cha Japani karate ilikozaliwa, walifunga kamba ya majani ya mpunga juu ya ubao iwe pedi ya kupigia. Kamba ya katani inafaa, ila peke yake inachana ngozi. Ifunike kwa kipande cha ngozi au turubai. Katikati ya pedi iwe usawa wa kifua chako ukiwa umeshuka kwenye msimamo, si ukiwa wima.

Jinsi ya kuipiga imeelezwa vizuri kuliko ninavyoweza mimi katika barua ya Itosu Anko ya 1908, yule mwalimu aliyeingiza karate katika shule za Okinawa. Anataka mabega yashuke, kifua kifunguke, miguu ishike sakafu, nguvu itulie chini ya kitovu, na kila mkono upige mara 100 hadi 200 kwa siku. Kila agizo hapo nguzo inalikagua. Bega likipanda, unasikia mshtuko shingoni. Kisigino cha nyuma kikinyanyuka, unarudishwa nyuma.

Idadi hiyo, hata hivyo, si ya anayeanza. Anza na ngumi 10 kila mkono, nguvu ya robo, siku tatu kwa wiki. Gusa kwa vifundo vya kidole cha shahada na cha kati tu, kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka na kiwiko kikitazama chini. Ukigusa kwa upande wa kidole kidogo, ndipo mifupa ya kiganja huvunjika. Usidonoe na kurudi. Gusa pedi kiwiko kikiwa bado kimekunjika kidogo, kisha sukuma kupitia pedi kwa nguvu ya nyonga. Ngozi ikichubuka, acha mpaka ipone. Mkipokezana nguzo moja, kila mtu awe na kifuniko chake, maana damu hubeba homa ya ini. Watoto wasiipige kabisa: mifupa yao bado inakua.

Kwa kujihami, nguzo hii inakupa pigo lenye mwili mzima nyuma yake, na si zaidi ya hapo. Haikushiki, haisogei, haikutishi. Barua ileile ya Itosu inasema karate haikukusudiwa pambano na mshindani mmoja, bali kuepuka madhara ukivamiwa na mhuni. Ndiyo maana sipigi ngumi pekee. Mkono wa kushoto unashika ubao kana kwamba ni mkono au nguo ya mvamizi na kuvuta, wa kulia unapiga. Hiyo ndiyo kazi ya mkono unaorudi kiunoni katika kata (mfululizo wa mbinu uliopangwa, unaofanywa peke yako), ambao wengi huufanya kama pambo. Nusu ya mapigo yangu ni kwa kitako cha kiganja, kwa sababu kichwa cha mtu ni kigumu na ngumi tupu huvunjikia hapo. Mbinu za kujinasua na kuondoka lazima uzifanye na mwenzako anayekuvuta kweli.

Naipa alama 4 kati ya 5. Moja naipunguza kwa kelele: mlio wake unapenya ardhini na kuta, na kwa mpangaji wa ghorofani haifai.