Captain America na Agent Carter zilizotafsiriwa: ngumi zipo, idara ya siri ya SSR haionekani

Kifurushi kina faili 19. Kuna muvi ya Captain America: The First Avenger ya mwaka 2011, sizoni ya kwanza ya Agent Carter, tamthilia inayoendeleza hadithi yake, yenye episodi 8, na ya pili yenye episodi 10. Zote zimetafsiriwa na DJ mmoja, yaani msimulizi anayeweka Kiswahili chake juu ya sauti ya muvi. Duka dogo la kuweka muvi upande wa Makoroboi hapa Mwanza linakupakilia kwenye flashi yako kwa shilingi 3,000, yaani 1,000 ya muvi na 1,000 kwa kila sizoni. Ukitaka muvi peke yake hakuna ubishi, ila bei haishuki.

Tuanze na flashi, maana hapo ndipo wengi wanapokwama kabla hata ya kufungua faili la kwanza. Muvi ina GB 1.2 na kila episodi ina kama MB 350, kwa hiyo jumla ni GB 7.5. Flashi ya GB 8 haitoshi. Imeandikwa 8 kwenye ganda, lakini ukiichomeka kwenye kompyuta inasoma 7.4 hivi, na kijana wa kaunta atajaza mpaka ikatae halafu akuambie episodi ya mwisho "haipo". Ipo, imekosa nafasi tu. Nenda na ya GB 16. Na kama umeinunua juzi barabarani kwa bei ya kutupa, ijaribu kwanza, kwa sababu flashi feki hukubali kunakili mafaili yote bila kelele, kisha nusu yake yanagoma kufunguka nyumbani. Unarudi dukani kugombana na mtu asiye na kosa.

Tatizo la pili ni mpangilio. Runinga hupanga mafaili kwa herufi, kwa hiyo Agent Carter inatangulia Captain America, wakati hadithi inatakiwa ianze na muvi. Kwenye sizoni ya pili hali ni mbaya zaidi. Duka limeyaita mafaili E1, E2 mpaka E10, na runinga nyingi zinasoma E1, kisha E10, ndipo E2. Ukiacha ijichezeshe yenyewe utaona nani anapigwa risasi hotelini kabla hujajua alikuwa upande gani. Mwambie kijana aandike 01, 02, 03 palepale kaunta. Ni kazi ya dakika mbili.

Faili la muvi limebanwa kwa H.265 ili liwe dogo. Runinga bapa za zamani hazisomi mfumo huo: unasikia sauti bila picha, au unaambiwa faili halitambuliki. Omba toleo la H.264, ambalo hapa dukani lina kama GB 2. Episodi zote ziko kwenye H.264 tayari. Mwenye sabufa naye apunguze besi hadi nusu, maana sauti ya DJ imewekwa juu ya sauti ya asili iliyoshushwa, na mabomu yakianza kulia besi inammeza DJ mzima.

Hayo yote yanarekebishika. Tafsiri yenyewe ndiyo hairekebishiki.

Hadithi nzima imesimama juu ya idara moja ya siri inayoitwa Strategic Scientific Reserve, kwa kifupi SSR. Ni chombo cha kubuni cha nchi washirika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kilichokusanya wanasayansi, majasusi na wanajeshi chini ya paa moja. Kanali Chester Phillips ndiye mkuu, Dakta Abraham Erskine ni mwanasayansi aliyewakimbia Wanazi, Howard Stark ni fundi na mwenye viwanda, na Peggy Carter ni ajenti kutoka Uingereza. Upande wa pili yupo Johann Schmidt na Hydra yake, kitengo cha sayansi cha Wanazi ambacho mwishowe kinamgeuka hata Hitler. Kwa hiyo huu ni mchuano wa maabara mbili. Hydra inatafuta nguvu kwanza, halafu inatafuta wa kumpiga nazo. Erskine anatafuta kwanza mtu, ndipo atafute nguvu, na ndiyo maana anamchukua Steve Rogers mwenye pumu, ambaye ndiye Captain America mwenyewe, na kuwaacha mabaunsa waliojazana kambi ya Lehigh.

DJ wetu ameipa idara hii majina matatu. Kwenye muvi Kanali anapojitambulisha, inaitwa "hifadhi ya sayansi". Mtu wa Mwanza akisikia hifadhi anakiona kisiwa cha Saanane, swala na pimbi wakiota jua juu ya mawe. Sizoni ya kwanza inapoanza, idara hiyohiyo imegeuka "jeshi la akiba". Hapa nchini jeshi la akiba ni mgambo, na mgambo wa mjini tunawajua kwa kukimbizana na machinga. Ukimwona Carter amevaa kofia nyekundu akiingia kazini, unabaki kujiuliza atakamata meza ya nani. Kufika katikati ya sizoni DJ amechoka, anasema "CIA" tu. CIA ilianzishwa mwaka 1947, na sizoni ya kwanza inatokea mwaka 1946.

Kosa hili si dogo kama linavyosikika. Mtazamaji asiyejua kwamba ni idara ileile hataelewa kwa nini wale wanaume wa ofisini wanamdharau Carter. Yeye ndiye aliyekuwa mstari wa mbele na SSR ya vita, leo wanampa mafaili ayapange na chai apeleke. Uchungu wote wa sizoni ya kwanza umekaa hapo. Ungebaki kama DJ angeita SSR hivyohivyo, esi-esi-ari, kisha aeleze mara moja tu kwamba ni idara ya siri ya sayansi ya vita. Watu wanaosema TANROADS na TARURA kila siku herufi tatu haziwashindi.

Sehemu iliyoharibika kuliko zote ni ya duka la vitu vya kale pale Brooklyn. Carter anaingia na Steve. Bibi wa kaunta anasema hali ya hewa ni nzuri asubuhi hii, naye Carter anajibu kwamba ni kweli, ila yeye hutembea na mwavuli siku zote. Hilo ni neno la siri. Bibi anabonyeza kitufe chini ya kaunta, kabati la vitabu linafunguka, na nyuma yake kuna maabara ya SSR. DJ anatuambia hivi:

"Shikamoo bibi."
"Marahaba mjukuu wangu, pita ndani, mjomba wako yupo."

Mwavuli umeyeyuka. Mtazamaji anaamini Carter amempeleka mchumba nyumbani kutambulishwa. Dakika chache baadaye jasusi wa Hydra, Heinz Kruger, anatoka mbio na kichupa cha dawa ya nguvu ya Erskine, bibi anafyatua bunduki na kupigwa risasi, na hapo ndipo watu wanaulizana ukoo gani huu. Hila hiyo ya duka ni ya zamani kuliko muvi: imo kwenye toleo la kwanza kabisa la Captain America Comics, lenye tarehe ya Machi 1941, kazi ya Joe Simon na Jack Kirby. Humo bibi ni ajenti kijana aliyejifanya mzee, na mwanasayansi anaitwa Profesa Reinstein. SSR haimo. Katuni ile ilitumia jeshi na wapelelezi wa FBI, na waandishi wa muvi ndio waliowakusanya wote kwenye chombo kimoja.

Chombo hicho hakikutoka hewani. Kwenye vita halisi Marekani iliigawa kazi hii mara mbili. Utafiti wa silaha na dawa ulikuwa chini ya OSRD, iliyoanzishwa mwaka 1941 na kuongozwa na Vannevar Bush. Ujasusi ulikuwa wa OSS, iliyoanzishwa mwaka 1942 chini ya William Donovan. SSR ni hizo mbili zimepikwa chungu kimoja. OSS ilivunjwa mwaka 1945 vita vilipoisha. SSR ya sizoni ya kwanza haijavunjwa, lakini ina harufu hiyohiyo ya kazi iliyopungua: makachero wa suti wanaoishi nyuma ya ofisi ya kampuni ya simu mjini New York, wakimsaka Stark wakiamini anawauzia maadui silaha zake, kumbe zimeibwa, na wanahitaji kuonekana wana maana.

Ofisi ya simu nayo DJ ameiruka. Rose, dada anayekaa kwenye mitambo ya kuunganisha simu, ndiye mlinzi wa mlango wa siri, lakini kwetu anaitwa "sekretari" na basi. Sizoni ya pili, mwaka 1947 mjini Los Angeles, SSR inajificha nyuma ya wakala wa wasanii, na Rose yupo mezani tena akiwafukuza waigizaji wanaotafuta kazi. Hapo DJ anacheka bila kusema anachocheka.

Naitramini vilevile. Ni kemikali ya Stark inayosafirishwa kwenye lori la maziwa, na ikilipuka huvuta ndani kila kilicho karibu mpaka jengo linabaki donge. Picha inaonyesha wazi. DJ anasema "bomu la kawaida hilo".

Tumpe haki yake sasa. Kwenye chumba cha mashine ya kumtia Steve nguvu, DJ huyu ni fundi. Erskine anamchoma Steve sindano, Steve anasema mbona haikuuma, na Erskine anamjibu kwamba hiyo ilikuwa penisilini tu. DJ anasema: "Hiyo ni PPF, yenyewe bado!" Kila aliyewahi kulazwa kifudifudi zahanati akachomwa PPF, penisilini yetu ya sindano, anaruka kitini. Howard Stark anapoonya kwamba taa za nusu ya Brooklyn huenda zikafifia, DJ anatangaza mgao wa umeme. Halafu anahesabu asilimia moja baada ya nyingine kwa sauti inayopanda, 70, 80, 90, na anakaa kimya kabisa Steve anapopiga kelele ndani ya mtungi kwamba wasizime. Ukimya ule ni wa mtu anayeijua kazi. Warithi wengi wa Lufufu, mkongwe wa kutafsiri muvi hapa nchini, hawana subira hiyo, wanajaza kila pengo kwa utani.

Kikosi cha Steve, Howling Commandos, amekiita "keya waliochachamaa". Tafsiri bora kuliko hiyo haitapatikana ukanda huu wa ziwa, kwenye nyumba ambazo bado zinasimulia wazee wa King's African Rifles (KAR, ndiyo hao keya), jeshi la mkoloni Mwingereza, waliopelekwa Burma.

Akitoka kwenye mapigano anapotea tena. Amekata shauri tangu episodi ya kwanza kwamba Edwin Jarvis, mtumishi wa Stark anayemwendesha Carter usiku na mchana, ni mume wa Carter. Jarvis ana mke, Ana, ambaye sizoni ya kwanza tunamsikia sauti bila kumwona. Sizoni ya pili Ana anatokea mwenyewe, anamkumbatia Carter kwa furaha na kumwonyesha nguo alizomtengenezea. DJ anabanwa. Anatafakari sekunde kama tatu hivi, kisha anasema: "Huyu ni mke mwenza, wanapendana sana." Kuanzia hapo kila Daniel Sousa anapomtazama Carter kwa macho ya mahaba, tunaambiwa anavizia mke wa mtu. Sousa ni kachero wa SSR aliyeumia mguu vitani na anatembea na gongo, na kati ya wanaume wa ofisi ile ndiye mwenye heshima kuliko wote. Hakustahili.

Ushauri wa kununua, basi. Muvi ichukue, hata kwa ajili ya PPF peke yake. Ina dakika 124, na ukiiweka kwenye simu inaisha kabla meli haijafika Nansio. Sizoni zote mbili za Agent Carter omba za Kiingereza zenye maandishi ya chini. Duka linazo, bei ileile, ila lazima faili la maandishi la .srt liwe na jina sawasawa na faili la video na likae folda moja nalo, la sivyo runinga hailioni. Kijana wa kaunta akibadilisha jina la video kuwa 01, abadilishe na la maandishi. Hili analisahau mara nyingi, kwa hiyo chomeka flashi kwenye runinga ya dukani, fungua episodi tatu tofauti, na usogeze mbele hadi katikati kabla ya kulipa. Faili lenye hitilafu wanalirudishia bure ukiwahi ndani ya siku mbili na flashi ileile.

Lipo na faili la 20 ambalo halimo kwenye kifurushi na linastahili kuombwa. Ni filamu fupi ya Agent Carter ya mwaka 2013, kama dakika 15, na dukani imehifadhiwa ndani ya folda ya Iron Man 3 kwa sababu ilitoka kwenye diski yake. Carter amebaki peke yake ofisini SSR usiku, wenzake wametoka. Simu inaleta kazi inayohitaji watu watatu hadi watano. Anaenda mwenyewe. Siku ya pili, bosi akiwa katikati ya kumfokea, simu nyingine inalia: Howard Stark anataka Carter akaongoze naye chombo kipya kiitwacho SHIELD. Itazame mwisho, baada ya sizoni zote. DJ hajaigusa, kwa hiyo ndiyo pekee ambayo Carter anaimaliza bila kuozeshwa.