Uzoefu wangu: siku nne za mafunzo ya udongo na malisho, Kishapu

Naona watu wanauliza kama haya mafunzo ya afya ya udongo na malisho yana maana au ni ya kusaini karatasi na kula wali tu. Mimi niliyahudhuria mwaka jana mwezi wa nne hapa kwetu Kishapu, mkoa wa Shinyanga, siku nne, tulichangia sh 30,000 kila mtu, na nawapa nyota 4 kati ya 5.

Hiyo nyota moja iliyopungua imeishia darasani. Siku mbili nzima vitini vya Kiingereza, picha za mashamba ya Marekani yenye fensi za umeme wakati ukumbi mzima hamna mwenye hata seng'enge, wazee waliokuja na fimbo zao wamekaa nyuma kimya. Mama mmoja akaomba watafsiriwe akajibiwa mtaelewa tukifika shambani. Iliniuma sana, maana kina mama hao ndo wanaowakatia ndama majani kila siku.

Siku ya tatu tukatoka na hapo ndo mafunzo yalipoanza kwa kweli. Mwezeshaji (kijana mwingine, sio yule wa darasani) alianza kwa kuwauliza wazee majina ya udongo, wakamtajia: luseni huu wa mchanga kule juu, itogolo huu mgumu wa katikati, mbuga ule mweusi wa bondeni unaopasuka kiangazi. Akayaandika yote na siku nzima akawa anatumia majina hayohayo. Alafu akachukua glasi mbili za maji, akatumbukiza bonge kavu la itogolo kutoka kwenye shamba la pamba linalolimwa kila mwaka, na bonge lingine la itogolo hiyohiyo kutoka ndani ya ngitili (eneo la malisho linalofungwa mvua zikianza ili majani yatunzwe kwa kiangazi) chini ya mgunga. La pamba lilimumunyuka palepale tukiangalia, maji yakawa tope. La ngitili likakaa, linatoa mapovu madogomadogo tu, tumeenda kunywa chai tumerudi bado ni bonge na unaona vijizizi vimelishikilia. Mzee niliyekaa naye akasema kumbe ndo maana mvua ikinyesha shamba linaondoka na maji.

Ila kilichonibadilisha mimi ni kupima majani. Unatengeneza fremu ya mti mita 1 kwa mita 1, unairusha sehemu kumi bila kuchagua, unakata majani yote yaliyo ndani, unakausha, unapima. Nyumbani nilikausha juu ya bati siku nne nikaazima mzani wa dukani, wastani ukaja gramu 150, maana yake kilo 1,500 kwa hekta. Ngitili yangu ni ekari 5, yaani kama hekta 2, kwahiyo kilo 3,000, na nusu lazima ibaki ardhini ili mzizi usife na udongo usibaki uchi. Zinabaki kilo 1,500. Ng'ombe wetu hawa wa kilo 250 anakula kama kilo 6 za majani makavu kwa siku. Mimi nina ng'ombe 14. Piga hesabu: siku 18! Jamani, miaka yote nilikua nafungua mwezi wa nane nawaingiza wote nikiamini itanifikisha mvua, mwezi wa tisa vumbi tupu, namlaumu Mungu na jua.

Nikaenda kwa baba mkubwa, nikamuamkia nikamwonyesha hesabu, akaniambia zamani ngitili ilifungwa mvua zikianza na kiangazi wanaingia ndama, ng'ombe wanaokamuliwa na maksai wa kulimia, wengine wote wanahangaika na mabua, na ukiingiza kundi zima dagashida, yaani baraza la kijadi la Wasukuma, inakuita. Yaani hesabu ya fremu na maneno ya mzee vilikua kitu kimoja.

Hapa nina lalamiko. Historia ya HASHI (mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga uliorudisha ngitili) ilipewa dakika tano tu, wakati sisi ndo Shinyanga yenyewe! Miti ilikatwa hapa miaka ya wakoloni kuua mbung'o na kufungua mashamba ya pamba, ardhi ikabaki kipara, mradi ukaanza 1986 ngitili zilizojulikana zikiwa kama hekta 600, zikafika zaidi ya 300,000 na 2002 ukatambuliwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP). Vijana wetu hawalijui hili na lingewapa moyo kuliko hizo picha za ng'ambo.

Jambo lingine, waliahidi kurudi baada ya miezi mitatu kutukagua shambani, hawajarudi mpaka leo na simu haipokelewi. Kwahiyo ukitaka kujiandikisha popote uliza kwanza kama kuna siku ya shambani na nani atakufuatilia, na nenda na bonge la udongo wa kwako.

Kwangu niliuza madume mawili, nane nikawapeleka kwenye mabua ya mtama na ya jirani niliyoyalipia, nikachagua wanne: wawili wa maziwa na maksai wawili. Waliingia ngitili tarehe 20 mwezi wa tisa, wametoka tarehe 18 mwezi wa kumi na moja mvua zikiwa zimeshaanza, na majani bado yalikua yananifika juu ya kifundo cha mguu.