AI Prime 16HD juu ya tangi la sentimita 60: inatosha, ila si kwa kila tumbawe

Kwa kuitazama, Prime 16HD, taa ya LED ya tangi la matumbawe kutoka kampuni ya AquaIllumination (AI), ni kijitaa tu: kisanduku cha alumini chenye upana wa kama sentimita 12, LED 16 nyuma ya lenzi, na feni ndogo ya kupoozea. Wati zake hazifiki 60. Aliyezoea taa za zamani za metali halaidi za wati 250 huidharau, akaiwasha asilimia 100 siku ileile. Wiki mbili baadaye Euphyllia zake (aina ya tumbawe) zimejikunja, ncha zimepauka, na lawama anaitupia chumvi aliyonunua.

Tumbawe halijui wati. Ndani ya nyama yake wanaishi mwani wa chembe moja wanaolilisha, na hao hutumia zaidi mwanga wa buluu na zambarau, nanomita 400 hadi 500, kwa kuwa mwekundu humezwa na maji katika mita chache za juu. Cha kupima ni PAR, yaani kiasi cha mwanga ambao mwani hao wanaweza kuutumia, pale tumbawe lilipokaa, kwa mikromoli kwa mita ya mraba kwa sekunde. Matumbawe ya Zoanthus na Discosoma huridhika na 50 hadi 100. Euphyllia hupendeza kwenye 80 hadi 150. Montipora hutaka 200 na zaidi, Acropora 250 hadi 350. (Jua la saa sita mchana katika pwani yetu hukaribia 2,000 juu ya maji, lakini tumbawe la dukani halikukulia hapo juu, na safari ya kwenye mfuko imeshalichosha.)

Katika tangi la sentimita 60 kwa 45, taa ikiwa sentimita 20 hadi 25 juu ya maji, Prime inawatosha kabisa wa makundi mawili ya kwanza. Montipora nayo utaiweka, lakini iwe theluthi ya juu ya jiwe, katikati, chini ya taa yenyewe. Hapo ndipo penye udhaifu wake: mwanga unatoka sehemu moja, kwa hiyo katikati ni mkali na pembeni unashuka hadi chini ya nusu. Tawi la juu linalitilia kivuli la chini, na upande wa kivulini nyama huanza kufa kimyakimya. Tangi la kujaza Acropora kutoka ukuta hadi ukuta linahitaji taa mbili. Tusidanganyane.

Usipime kwa programu ya simu inayosoma lux. Kipimo cha lux kimetengenezwa kufuata jicho la binadamu, ambalo huona kijani zaidi, basi chini ya taa ya buluu kitakuambia kuna giza wakati tumbawe linaungua. Azima au kodi kipimo cha PAR, Apogee MQ-510, ambacho kimerekebishwa kwa LED na kwa kupimia ndani ya maji. Elekeza kitambuzi juu, simamisha pampu za mawimbi ili namba zisiruke, kisha pima sehemu tisa mchangani na tatu au nne juu ya mawe. Ziandike kwenye karatasi. Ukiongeza taa baadaye utajua umetoka wapi.

Mipangilio hufanyika kwa simu, kupitia programu ya Mobius. Buluu zote mbili, zambarau na UV ndizo za kupandisha. Nyeupe asilimia 20 hivi, kwa ajili ya macho yako. Nyekundu na kijani zisipite 5. Anza na asilimia 35 ya nguvu yote, ongeza 5 kila wiki, na kama programu imekupa kipengele cha kuzoesha, kitumie. Saa 8 hadi 10 kwa siku zinatosha, ikiwemo saa moja ya kupanda na moja ya kushuka. Mwani wa kijani ukijaa kwenye kioo, usikimbilie kupunguza taa kabla hujapima nitrati na fosfati.

Tumbawe lenyewe litakuambia. Likigeuka kahawia na kujinyoosha kuelekea juu, au Discosoma ikijikunja mfano wa kikombe, mwanga ni mdogo. Likipauka, likagoma kufunguka hata jioni, mwanga umezidi: lishushe mchangani, usiguse mipangilio ya tangi zima kwa ajili ya mgonjwa mmoja.

Adapta inapokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme wetu hauna shida nayo, ni umbo la plagi tu. Shida ni umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Ichomeke kwenye kifaa cha kulinda, kama kile cha friji. Ikiwaka kwa nguvu yote saa 10, inakula zaidi kidogo ya nusu yuniti kwa siku. Bei inapita dola 200 kabla ya usafirishaji, na mkono wa kuishikilia huuzwa peke yake, jambo linaloudhi kwa bei hiyo.

Kinachoiua ni chumvi. Matone ya pampu hukauka juu ya lenzi yakawa utando mweupe, PAR inashuka nawe hujui. Futa kila wiki kwa kitambaa laini chenye maji yasiyo na chumvi. Utando uliokwisha kuganda, tumia siki kidogo, taa ikiwa imezimwa na imepoa. Feni isafishwe kwa brashi laini kila mwezi. Ikianza kukoroma, taa inapata joto na maisha ya LED yanafupika.

Kwa tangi la sentimita 120, Prime moja isikupitie hata kichwani, na mbili zitaacha katikati au pembeni pamefifia. Hapo tungechukua tatu, au T5 (taa za mirija ya fluoresenti) nne za wati 54, ambazo hutandaza mwanga sawasawa na karibu hazina kivuli. Gharama yake ni mirija: ibadilishwe kila miezi 9 hadi 12, mmoja mmoja kwa wiki tofauti, kwa maana mirija minne mipya kwa mpigo ni sawa na kuwasha Prime asilimia 100 siku ya kwanza.