Mapitio ya PECS: kadi za picha kwa mtoto mwenye usonji ambaye hajaanza kusema

PECS (Picture Exchange Communication System, yaani mfumo wa kuwasiliana kwa kubadilishana picha) humfundisha mtoto kuomba anachotaka kwa kumpa mtu kadi ya picha. Andy Bondy na Lori Frost waliuanzisha mfumo huu mwaka 1985 huko Delaware, Marekani. Una hatua sita. Tunaupendekeza hasa kwa mtoto anayelia au kuvuta watu mkono kila anapotaka kitu. Ila anayenunua kadi na kitabu cha kuzibandika bila kujifunza utaratibu wake amenunua makaratasi.

Vifaa unaweza kutengeneza mwenyewe: faili la pete liwe kitabu, velkro (utepe wa pande mbili zinazogandana), na kadi za takriban sentimita 5 kila upande zilizopigwa laminesheni. Upande mmoja wa velkro uwe wa kadi zote, wa pili uwe wa kurasa zote. Ukichanganya, kadi hugandana zenyewe kwa zenyewe. Kata pembe ziwe za mviringo, maana plastiki yenye ncha hukwaruza.

Hatua ya kwanza ndiyo moyo wa kazi, na inahitaji watu wazima wawili. Mpokeaji anakaa mbele ya mtoto akiwa na kipande kidogo cha embe au kitu kingine anachokipenda sana. Msaidizi anakaa nyuma, kimya kabisa. Mtoto akinyoosha mkono kufuata embe, msaidizi anauongoza uokote kadi na kuiweka kwenye kiganja cha mpokeaji. Hapo hapo mpokeaji anasema "Embe!" na kumpa. Msaada hupunguzwa kuanzia mwisho: kwanza mtoto aachie kadi mwenyewe, kisha aifikishe, mwishowe aiokote. Kosa tunaloliona zaidi ni mpokeaji kuuliza "Unataka nini?" au kufungua kiganja mapema. Mtoto huzoea kusubiri ishara hiyo, na siku isipotolewa, haombi. Kosa jingine ni kufanya zoezi mtoto akiwa ameshiba.

Hatua ya pili ni umbali: mpokeaji anasogea, kitabu kinawekwa mbali, na wapokeaji wanabadilika, leo mama, kesho bibi. Wengi huiruka, na matokeo yake mtoto anaomba kwa mwalimu mmoja tu, tena mezani tu.

Ya tatu ni kuchagua, na hapa wengi hukwama. Weka kadi mbili, ya embe na ya soksi. Akitoa ya soksi, mpe soksi. Akiikataa, onyesha kadi sahihi, msaidie kuitoa, mpe jambo dogo analoliweza kama kupiga makofi, kisha mrudishie nafasi aanze upya. Kusema "hapana" hakumfundishi chochote.

Ya nne huleta utepe wa sentensi: kadi ya "Nataka", kisha ya kitu. Unaposoma utepe, sema "Nataka…" na unyamaze sekunde 3 hadi 5. Wapo wanaotamka hapo. Asipotamka, mpe vilevile. Kumnyima ili aseme huharibu kazi yote. Mkifika kwenye rangi, kadi yake ikae baada ya kitu: nataka, mpira, mwekundu. Hatua ya tano ni kujibu swali "Unataka nini?", na ya sita ni kueleza anachokiona.

Hofu ya wazazi kwamba picha zitazuia maneno haijathibitishwa na utafiti. Hata hivyo, PECS haiahidi usemi, wala haichukui nafasi ya michezo ya pamoja na mazoezi ya kuigana. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2007 ulionyesha watoto wakianza mawasiliano mara nyingi zaidi, lakini faida hiyo haikudumu baada ya wataalamu kuacha kufuatilia madarasa.

Kwa hiyo kabla ya kulipia kituo, uliza mambo mawili: hatua ya kwanza hufanywa na watu wazima wangapi, na je, kitabu hurudi nyumbani na mtoto kila siku? Wakikujibu kwamba kitabu hubaki darasani, tafuta kituo kingine.