Vifaa vya kushonea qipao: uzoefu wangu baada ya mwaka na nusu hapa Hangzhou

Nimenunua karibu vifaa vyote ambavyo mafundi wa zamani wa Kichina wanashonea qipao, lile gauni lao la hariri lenye kola ya kusimama na mpasuo pembeni, na nimevitumia mwaka na nusu sasa. Dar nilikuwa nashona madera na magauni ya vitenge, huku Hangzhou, China, jioni najifunza kwa mama mmoja mtu mzima tunamwita shifu, yaani fundi mkuu, na mama huyu kazi kubwa anafanya kwa mkono, mashine anaigusa kwenye mishono mirefu tu.

Naanza na kisu cha gundi kwa sababu hiki ndo kimenibadilisha. Dukani unaweza ukakipita, ni kibapa chembamba cha chuma hakina makali, urefu kama kiganja, na kazi yake ni kupaka gundi ya unga wa ngano nyuma ya hariri. Ndio, ngano, gundi ileile tuliyokuwa tunapika utotoni kubandikia karatasi. Sasa wewe fundi unajua hariri ya satini inavyosumbua, ukiikata mshazari digrii 45 upate utepe wa kuzungushia pindo inateleza, inavutika, ncha zinafumuka, ukifika mwisho wa kola upana umebadilika mara tatu. Hawa wanapika gundi nzito isiyo na madonge, wanachota kidogo kwa kisu wanaivuta juu ya kitambaa kufuata uleule mshazari, safu nyembamba sana, wanaacha ikauke, wanapiga pasi, halafu ndo wanakata. Hariri inakuwa kama karatasi laini! Utepe wa sentimita mbili unakatika sawa mwanzo mpaka mwisho, ukiukunja na kuushona unapata ukingo wa milimita tatu uliolala bila kujikunja. Nimeenda Makumbusho ya Taifa ya Hariri hapahapa Hangzhou, nikasimama muda mrefu mbele ya qipao za miaka ya 1930 naangalia kola na pindo tu, na nikaelewa kwanini shifu ananirudishia utepe wangu kila ukizidi upana kidogo.

Kosa dogo kwenye gundi ndo linaharibu kazi. Ikiwa nyingi inapenya inatokea upande wa mbele, doa halitoki, nimeshapoteza kipande cha hariri nyekundu hivyo na kiliniuma. Na mwezi wa sita huku ni mvua na unyevu wiki kwa wiki, gundi haikauki na ukiisahau inachacha na kitambaa kinaota ukungu, kwaiyo msimu huo pika kidogo kidogo tumia siku hiyohiyo. Nilijaribu ile gundi ya kisasa ya kubandika kwa pasi ili niokoe muda. Kwenye pindo inakubali, ila kwenye vifungo vya kitambaa, vile vya kufuma fundo na vingine vyenye umbo la ua, inakuwa nene, fundo halibani. Vifungo vya ua vinataka utepe wa ngano wenye waya mwembamba wa shaba ndani, na kibanio cha ncha kali cha kukunjia kona. Kibanio nunua kizuri, cha bei rahisi ncha zinapishana.

Mfuko wa unga nao naupenda sana. Ni kifuko kidogo cha kitambaa kimejaa unga wa chaki na uzi umepita katikati, unauvuta uzi unatoka na unga, unaukaza kwenye hariri, unaunyanyua unauachia, pa! mstari mnyoofu. Ni kama maseremala wetu wanavyopiga mstari kwenye mbao. Chaki ya kawaida inavuta hariri inaisogeza, huu uzi hausogezi chochote. Tumia unga mweupe tu, mimi niliweka wa bluu kwenye hariri ya krimu na mstari uko mpaka leo. Na piga bandi, ile mishono mikubwa ya kushikilia kwa muda, hapohapo, maana ukikisogeza kitambaa mstari unapukutika.

Kastabini yao ni pete ya shaba yenye vishimo, inavaliwa kidole cha kati, haifuniki ncha kama zetu, kwaiyo ncha ya kidole inabaki wazi unakihisi kitambaa. Wiki ya kwanza kidole kiliuma, baada ya hapo sijarudi kwenye ile ya kofia. Ya bati usichukue, sindano inatoboa.

Mkasi natumia Zhang Xiaoquan, ni jina la hapahapa Hangzhou tangu 1663, na ufundi wake wa kufua chuma uliwekwa kwenye orodha ya urithi wa taifa la China mwaka 2006. Mzito, unakata hariri bila kuitafuna. Sina la kuongeza.

Rula ya mianzi naipenda nusu nusu. Inapima kwa chi, kipimo cha urefu cha Kichina; chi moja ni sentimita 33.3, imegawanywa cun kumi, na shifu anataja vipimo kwa cun tu, kwaiyo ukijifunza kwa mtu wa hivyo utaihitaji. Ila angalia, chi ya Hong Kong ni sentimita 37 na kitu, ukichukua vipimo vya fundi wa kule ukavipima kwa rula ya huku gauni halimwingii mtu. Yangu ya kwanza niliagiza mtandaoni ikaja imepinda na muuzaji hakujibu, nikaenda kununua kwa mkono.

Pasi ya mkaa usinunue, na nasema hivyo nikiiheshimu. Kabla dati (ile mikunjo inayoshonwa kubana kiuno na kifua) na zipu hazijaingia, mafundi walitengeneza kiuno na kifua kwa pasi tu, wanalowesha kitambaa wanakivuta hapa wanakisinyaza pale, na uzito wa chuma ndo uliokuwa unafanya kazi. Shifu ananifundisha hilo kwa pasi ya umeme nzito na linawezekana. Cheche moja kwenye hariri ya mteja utalipaje?

Desemba nikirudi nyumbani nabeba visu vya gundi vitatu na pete kumi za kastabini, za dada zangu wa pale Kariakoo niliokuwa nashona nao. Unga wa ngano watanunua wenyewe.