Usanifu wa awali wa kulinda ukingo wa Mto Mbezi: maoni ya mteja

Wakazi wa kando ya Mto Mbezi, Dar es Salaam, tulichangishana fedha tukamwajiri mhandisi mshauri, na sasa ripoti ya mpango na usanifu wa awali wa kulinda ukingo iko mikononi mwetu. Huduma hiyo naipa nyota nne kati ya tano, na naieleza hapa kwa ajili ya wenzetu wa Mto Tegeta na Msimbazi wanaokabiliwa na tatizo hilo hilo.

Kilichoniridhisha zaidi ni kwamba wahandisi hawakuanza na ukuta, bali walianza kwa kutafuta sababu ya ukingo kubomoka. Waliufuata mto juu na chini, mbali kupita viwanja vyetu, wakapima upana na kina chake, wakachimba mashimo ya kuchunguza udongo na kulinganisha picha za setilaiti za miaka mbalimbali. Ripoti inabainisha kuwa maji hayaumomonyoi ukingo kwa juu, tulikokuwa tukipanga viroba vya mchanga na matairi chakavu, bali yanakichimba kitako chake upande wa nje wa kona, na kwamba uchimbaji holela wa mchanga unazidi kukishusha kitanda cha mto. Imeeleza pia jambo lililotutatiza kwa muda mrefu, yaani kwa nini ukingo huporomoka mafuriko yakiwa yameshapungua: udongo unakuwa bado umelowa na kuwa mzito, ilhali maji yaliyokuwa yakiuegemeza yameondoka.

Ukuta wa zege, ambao wengi wetu tuliutaka, ulikataliwa kwa hoja nzito, kwa kuwa ungehitaji msingi wa kina kirefu na ungeweza kuusukuma mkondo kwa majirani wa ng'ambo. Badala yake yamependekezwa makasha ya gabioni, yaani vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, kwenye kitako, yakitanguliwa na gabioni bapa zilizotandazwa kitandani mwa mto ili maji yakichimba zaidi zijikunje na kushuka kufuata shimo. Nyuma ya makasha kuna kitambaa cha kuchuja kinachozuia udongo usichotwe kupitia mawe, na mteremko wa juu utapunguzwa ukali na kupandwa nyasi za vetiva. Ripoti imekumbusha pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka ukanda wa hifadhi wa mita 60 kutoka ukingoni, hivyo Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) zihusishwe kabla ya kumtafuta mkandarasi.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu mbili. Upimaji ulifanyika kiangazi, na wazee wanaokijua kimo cha maji wakati wa masika hawakuhojiwa hadi tulipolalamika. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba makadirio ya gharama yanaishia kwenye ujenzi, wakati waya za gabioni hukatika na vetiva changa huhitaji kumwagiliwa na kupaliliwa, kazi ambazo zitatuangukia sisi.

Anayetaka huduma ya aina hii aandike katika hadidu za rejea, kabla ya kusaini mkataba, kwamba anataka gharama za matengenezo ya kila mwaka, muhtasari wa Kiswahili, na mchoro unaoonyesha jinsi ncha mbili za kinga zitakavyoingizwa ndani ya ukingo, kwa sababu mto huanza kuizunguka kinga pale inapoishia.